Jicho la Kukhu Rasoa

Katika ukumbi ule ule ambamo tulikuwa tukiwapanga wagonjwa wa macho kwenye mabenchi, mpwa wa marehemu Kantaben alisimama kando ya picha iliyovishwa shada la maua, akasema kwa Kigujarati, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili nasi wengine tusikie, kwamba shangazi yake hakuwahi kuonja nyama tangu siku aliyozaliwa mpaka siku aliyofariki. Watu wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wamekaa chini juu ya mashuka meupe, wamevaa meupe, viatu vyao vimejazana mlangoni, na harufu ya ubani ilikuwa imepanda mpaka kwenye feni zisizozunguka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, pamoja na akina mama waliomfanyia kazi jikoni kwa miaka mingi. Mmoja wao alimnong'onezea mwenzake kwamba hata yai huyu mama hakuliruhusu livuke mlango, kwamba siku moja alinusa yai la kuchemsha mfukoni mwa mlinzi, akamtoa mlinzi akalile nje ya geti, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha, yeye mwenyewe akamshikia mwavuli mpaka amalize. Walicheka kwa mabega, bila sauti. Mimi sikucheka. Nilitazama magoti yangu. Kantaben alionja nyama mara moja katika maisha yake, mchana, katika nyumba moja upande wa Butere, na nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumsikia akimeza.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kungoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, chuo kikuu kilikuwa bado hakijaniita, na nililala huko Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, katika chumba cha binamu yangu aliyekuwa mwanafunzi, chumba chenye kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama ukuta wa ploti ya jirani. Mtu mmoja kanisani aliniambia kwamba Wahindi wa Chama wanatafuta msichana anayejua Kiluhya vizuri na Kiingereza cha kutosha. Chama, ndivyo mji mzima ulivyowaita: familia chache za Kigujarati zilizokuwa zimebaki, wenye maduka ya vyuma na vitambaa na vipuri, watu ambao wao au wazazi wao walitoka ng'ambo wakaja kukaa. Walichimba visima mashuleni, walitengeneza madawati, walipika uji wa watoto wa chekechea, waligawa viti vya magurudumu, na kila baada ya miezi kadhaa walileta madaktari wa macho, wakageuza ukumbi wao kuwa wodi. Wanaume ndio waliotoa hotuba. Kazi yenyewe ilikuwa ya Kantaben. Alikuja Kakamega akiwa bibi arusi, Kiswahili akajifunzia nyuma ya kaunta ya duka la mumewe, akizungumza na watu waliokuja kununua misumari, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili kifupi, kisicho na mapambo, chenye amri nyingi. Siku ya kwanza nilipofika kutafuta kazi hakuniuliza jina kabla ya kuniwekea sahani. Alisema, "Kula kwanza. Kazi iko, haikimbii."

Nikala. Nilikula hapo kila siku tangu Januari, katika jiko refu lililokuwa nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya bati iliyong'aa kwa kusuguliwa. Sahani zilikuwa za chuma, zenye vigawanyo, na kila kigawanyo kilikuwa na kitu chake: dengu, viazi vyenye manjano, achari ya ndimu iliyonifumba jicho moja, chapati nyembamba alizozigeuza kwa vidole vitupu juu ya moto. Kantaben hakukaa mpaka watu wote wawe wamekula. Alisimama nyuma yetu na mwiko, na sahani ikionyesha chuma chake alikuwa amekwisha kuifunika tena. Siku hizi, nikiwa na meza yangu na watu wa kuwaalika, ninaelewa furaha iliyokuwa usoni mwake, lakini wakati ule nilianza kuiogopa. Kwetu mtu hali kwa watu siku nenda siku rudi bila watu hao kuja kula kwake. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, nalo si zuri. Nami nilikuwa sina mahali pa kumkalisha Kantaben. Ningemwambia aketi wapi, kitandani mwa binamu yangu, ale nini, sukuma wiki ya jana? Basi nilikuwa nikila huku nikipanga kichwani karamu ambayo siku moja watu wa kwetu wangempikia mama huyu, ili aone kwamba nasi pia tuna mikono ya kukaribisha.

Kukhu Rasoa aliletwa kwenye kambi ya macho ya mwezi wa Machi. Kukhu ni nyanya, na sisi wote tulimwita hivyo kuanzia saa ile, hata Kantaben, aliyekuwa karibu rika lake. Alikuwa haoni kwa macho yote mawili, mtoto wa jicho amefunika pande zote kama utando wa maziwa, naye aliongozwa na mke wa mwanawe, Beatrice, mwanamke mwembamba aliyeuza nyanya na omena sokoni Butere na aliyeonekana kuhesabu hasara ya kila saa aliyokaa kwenye benchi. Chama kilikuwa na sheria yake: jicho moja kwa mtu mmoja kwa kila kambi, ili wengi wapate, na la pili lingoje kambi nyingine. Nilipomweleza Kukhu sheria hiyo kwa Kiluhya aliuliza kama wameona yeye ni nusu ya mtu. Daktari alisema macho yote mawili yanafaa sawasawa, achague. Kukhu hakufikiri sana. Alisema wamtengenezee la kushoto, kwa sababu akikaa mlangoni kwake ndilo linalotazama kwa jirani, na jirani huyo amekuwa akimwachia ng'ombe wake waingie kwenye miwa yake kwa kuwa anajua mwenye miwa haoni. Nilitafsiri. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, na Kantaben akasema kwa sauti kubwa ukumbini kwamba huyu Kukhu ni mtu wa biashara.

Asubuhi ya kufungua bandeji ndiyo asubuhi ninayotaka kuikumbuka ninapokumbuka mwaka ule, ingawa siku hizi siwezi kuifikia bila kupita juu ya nyingine. Wagonjwa walikaa safu kwa safu, kila mmoja na pamba nyeupe juu ya jicho moja, na muuguzi akapita akizitoa. Wengine walilia. Mzee mmoja kutoka Matungu alimshukuru Mungu kwa Kiarabu, akaanza kusoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa ukutani, hata lile la kukataza kutema mate. Kisha zamu ya Kukhu Rasoa ikafika. Aligeuza kichwa polepole kama mtu anayepitisha taa ndani ya nyumba, akaifikia sura ya Kantaben aliyekuwa ameshika birika, akaiangalia kwa muda mrefu. "Huyu ndiye mwenye chai?" aliniuliza. Nikasema ndiye. Akaomba ainame, akamshika mashavu yote mawili, akasema kwamba siku zote tatu alimjua kwa harufu ya iliki na alidhani ni msichana, kumbe ni mzee mwenzake. Nilipotafsiri hilo Kantaben alijibu, "Mwambie jicho kweli imefunguka."

Kisha nikasimama mbele yao wote na kusema yale maagizo. Usiiname. Usibebe maji. Usilipapase jicho kwa mkono. Weka matone asubuhi, mchana na jioni. Na kwa mwezi mzima usikaribie moshi, usipulize moto, mwache mtu mwingine akupikie. Nilikuwa nimeyasema kambi nzima, kwa kila benchi, hata nilikuwa ninaweza kuyasema huku nikiwaza mambo mengine. Kukhu aliyarudia nyuma yangu neno kwa neno, na Beatrice akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba itabidi basi yeye aache soko apike.

Kantaben alikuwa na desturi moja ambayo madaktari waliipenda na wanaume wa Chama waliiona ni kupoteza petroli. Siku chache baada ya kambi aliwafuata wagonjwa makwao, hasa wale wa mbali, akiwa na matone ya akiba na kurunzi ndogo ya kumulikia jicho. Na hakuingia nyumbani kwa mtu bila kumpasha habari kwanza. Ukimfikia mtu ghafla, alisema, unamkuta na nguo ya shamba, unamfedhehesha. Kwa hiyo aliniambia nimpigie Beatrice simu, niseme tunakuja keshokutwa, na niseme pia kwamba sisi hatuli chochote. "Chai tu, kama lazima. Sema vizuri, beta. Hakuna nyama, hakuna yai. Asisumbuke." Beta ni mtoto, ndivyo alivyoniita nikifanya vizuri.

Nilipiga simu kutoka uani, nimesimama karibu na matangi ya maji. Beatrice alimpa mama mkwe wake simu. Kukhu alinisalimu, akauliza habari za mama mwenye chai, akasikia kwamba anakuja, na sauti yake ikapanda kama ya mtu aliyesimama. Akauliza, "Huyo mgeni wangu anakulanga nini?" Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limewekwa mdomoni mwangu dakika chache kabla. Lakini nilimwona Kantaben kupitia dirisha la jiko, amesimama nyuma ya watu wake na mwiko, na nikamwona Kukhu upande ule, na nikajua kwamba nikitamka maneno yale nitakuwa nimemwambia mwanamke wa kwetu, mkubwa kiasi kile, kwamba kuku wake hafai, kwamba chungu chake hakifai, kwamba aliyempa jicho hataki mkono wake. Kwetu hatumwambii mwenye nyumba asipike. Nikajibu, "Anakula kila kitu, Kukhu." Niliwaza kwamba tutakapofika nitaketi karibu na Kantaben, nihamishe nyama kutoka sahani yake kuja yangu, na kila mtu ataridhika. Nilikuwa na furaha nilipokata simu. Ile karamu niliyokuwa nikiipanga kichwani ilikuwa imepata nyumba. Moshi haukunijia akilini hata kidogo, mimi niliyekuwa nimewaimbia wagonjwa wote habari za moshi.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Tulikwenda na pikapu ya Chama, dereva akilalamika juu ya matope, miwa pande zote mbili imelowa na kuinama barabarani. Nyumba ya Kukhu ilikuwa ya udongo, imesiribwa upya, na sebule yake ilikuwa imepambwa kwa ajili yetu: vitambaa vilivyofumwa kwa mkono kwenye viti vyote, kalenda za miaka iliyopita ukutani, maua ya plastiki mezani yaliyooshwa, bado yakiwa na matone. Alitupokea mlangoni amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Kantaben alimshika kidevu, akamgeuza kuelekea mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu. Lilikuwa likitoa machozi, na kwenye kope zake, ambazo alikuwa hata hajazipangusa, kulikuwa na majivu laini ya kijivu. Kantaben aliniambia nimuulize linamuuma tangu lini. Kukhu alisema haliumi, linawasha tu, tangu jana, ni furaha, na kwamba tukae kwanza, maswali hayaulizwi watu wakiwa wamesimama.

Tukakaa. Beatrice akaleta maji ya kunawa, kisha obusuma, ugali mkubwa kwenye sinia, likhubi, majani ya kunde, katika bakuli, na ingokho, kuku mzima aliyechemshwa taratibu mpaka mchuzi wake ukawa mzito, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umeingia ndani ya nyama kabisa, niliunusa kabla kifuniko hakijafunuliwa. Kukhu alipakua mwenyewe. Katika sahani ya Kantaben aliweka paja, na juu ya paja akaweka imondo, firigisi, ambayo katika nyumba zetu hupewa mwanamume mkubwa kuliko wote waliopo. Nilikua nikiiona ikienda kwa babu na wajomba na mchungaji. Zamani, wanawake wa rika la Kukhu hawakuruhusiwa kula kuku kabisa. Nilimweleza Kantaben kwa Kiingereza, chinichini, ni heshima ya namna gani aliyopewa, kana kwamba hilo lingesaidia, kisha nikanyoosha mkono kufanya nilichokuwa nimepanga.

"Wacha," Kukhu aliniambia. Alikuwa amevuta kigoda chake, amekaa mbele ya Kantaben, karibu sana, kichwa amekiinamisha kidogo ili lile jicho jipya limwone mgeni wake vizuri. "Wewe kula yako. Mimi nataka nimtazame akila. Watu wamekula kwangu miaka mingi nikisikia meno tu."

Kantaben alinitazama. Hakuhitaji kutafsiriwa, alikuwa ameshaelewa kila kitu: simu, mwavuli wa uongo niliojifunika nao, kuku. Alimtazama Kukhu, lile jicho jekundu lililofunguka wazi na kungoja. Kisha akachukua firigisi kwa vidole vyake vitatu, vile vilivyogeuza chapati, akaiweka mdomoni, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Alipomeza, Kukhu alipiga makofi taratibu, akamgeukia Beatrice na kumwambia kwamba ameona, walimwengu wote ni watu. Kantaben akala na paja. Hakuacha kitu isipokuwa mfupa.

Ni baada ya kunawa ndipo alipouliza nani alipuliza moto. Beatrice alijibu kwa Kiswahili, macho yake kwenye sufuria alizokuwa akizikusanya. "Mimi nilimwambia mama atoke jikoni. Kuni zilikuwa mbichi, zinakataa. Akasema mgeni ni wake, na moto ni wake. Tangu jana asubuhi amekuwa akipuliza. Sasa mimi ningemshikaje?" Hakukuwa na lawama ndani yake, ndiyo maana nakumbuka kila neno.

Ndani ya pikapu, Kukhu na Beatrice wakiwa kiti cha nyuma kwa kuwa Kantaben alikuwa ameamuru tuelekee Kisumu kwenye hospitali ya macho saa ile ile, nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba Kukhu aliniuliza na mimi nikajibu kwamba anakula kila kitu. Alikuwa akitazama vifuta maji vya kioo. Alisema, "Sawa." Baadaye kidogo, karibu na daraja, aliomba dereva asimame, akashuka, akatapika kando ya miwa akiwa ameshikilia sari yake isiguse matope, akarudi, akasema tena kwa dereva, "Sawa. Twende." Nimengoja miaka yote hii nisikie lingine baada ya neno hilo, na sasa limekwisha kufunikwa kwa mashuka meupe.

Jicho halikupona. Walilipigania kwa sindano na dawa kwa majuma, kisha daktari akasema wamezuia maumivu lakini mwanga umeondoka. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemfikishia Kukhu habari hiyo, kwa lugha yake, maana hakukuwa na mwingine. Nilimuuliza daktari kando kama ni moshi. Akasema huenda ni moshi, huenda ni mkono, huenda ni maji ya kunawia, wakati mwingine jicho huchafuka hata kwa mtu aliyelala kitandani kwa tajiri, hatutajua. Alisema hivyo kwa wema. Watu wengi wamenipa wema wa namna hiyo tangu wakati ule, na kila mara nimeupokea na kusema asante, na kila mara umekaa juu ya lile jambo kama kitambaa kilichofumwa juu ya kiti kilichovunjika.

Miezi iliyofuata niliendelea kwenda kwenye Chama. Kantaben hakunifukuza, hakuniinulia sauti, na saa saba mchana sahani yangu ilikuwa mahali pake. Mimi ndiye niliyeanza kusema nimekula Shirere. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikiandika majina ya shule zilizoomba madawati, nikisikia vijiko vyao, na siku moja nikamsikia mpishi akimwambia Kantaben kwamba yule msichana ameanza maringo. Kantaben akamjibu kwamba si maringo, ni homa, na itakwisha na yenyewe. Haikuisha. Alikuwa anamtumia Kukhu unga, sukari na dawa kila mwisho wa mwezi kwa mkono wa dereva, na kila mara dereva alirudi na salamu za Kukhu kwa mama mwenye chai. Kwangu hazikuja.

Madaktari walipotangaza kwamba watarudi Novemba, ilibidi mtu aende kumwambia Kukhu kwamba zamu ya jicho la kulia imefika. Kantaben alisema nitakwenda mimi. Nikamuuliza nimshawishi vipi. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Wewe usishawishi. Wewe sema kila kitu. Mara hii kila kitu, Imali." Hakuniita beta.

Sikupiga simu. Nilifika bila habari, asubuhi, na mkate na sukari kwenye mfuko, nikamkuta Kukhu amekaa mlangoni na nguo ya shamba, ameupa ukuta upande wa kushoto. Alinijua kwa salamu yangu. Akaniambia nikae. Nikakaa. Kuku walikuwa wakipita miguuni petu, na ndani ya jiko moto ulikuwa umewaka, chungu kilikuwa kikitokota, nilisikia. Saa ya chai ikapita. Saa ya chakula ikafika, Beatrice akatoka akamtazama mama mkwe wake akingoja neno, na Kukhu hakulisema. Hata maji sikupewa. Asiyetoka kwetu hawezi kujua hilo ni nini. Angenipiga kwa fimbo yake ingekuwa adabu zaidi.

"Leo sipiki," alisema mwishowe. "Si ndivyo mnavyotaka?"

Nilisema ndiyo, Kukhu. Kisha nikasema kila kitu. Nikamwambia nilichoagizwa kusema kwenye simu ile na nisichokisema, kwamba yule mama hajawahi kula nyama maishani mwake, kwamba dini yake inamkataza, kwamba kuku yule hakuhitajika. Nikamwambia upasuaji wa pili unaweza kufaulu na unaweza kuharibika kama wa kwanza, na ukiharibika atakuwa gizani moja kwa moja, na kwamba akikubali atakaa nyumbani kwa Kantaben mwezi mzima, hatasogelea moto. Nilizungumza nikitazama vidole vya miguu yake. Alipojibu, hakujibu habari za jicho.

"Alikula," alisema. "Nilimwona akila."

"Alikula kwa sababu ulikuwa unamtazama."

Akageuzia uso kwenye miwa. Ng'ombe wa jirani alikuwa amesimama katikati ya miwa akitafuna bila haraka, na nikafikiri jinsi ambavyo asingeweza kumwona. Kukhu akasema mwanawe anamkataza, anasema Wahindi wamechukua moja na sasa wanafuata la pili. Akasema yeye hamsikilizi mwanawe. Akasema pia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba amenikasirikia tangu mvua ndefu mpaka sasa, asubuhi akiamka anaanzia hapo, na kwamba niondoke kabla jua halijashuka, kwa kuwa hatanipa chochote. Mkate na sukari aliniambia nirudi navyo. Niliondoka nikiwa na njaa, na hiyo ndiyo mara pekee katika mwaka ule nilipohisi kwamba nimetendewa haki.

Hakutuma jibu. Siku ya kambi ilipofika, benchi la mwisho lilikuwa limekwisha kujaa na muuguzi alikuwa anafunga mlango, Beatrice akamwingiza akiwa amemshika kiwiko. Nilikimbilia jikoni. Nilikaa huko siku zile zote za upasuaji nikimenya viazi, na kazi ya kutafsiri akaifanya mwalimu mmoja aliyejitolea. Kukhu alilala nyumbani kwa Kantaben, katika chumba kilichopakana na jiko la nyumba, akalishwa wali na dengu laini, chakula alichokiita chakula cha watu wasio na meno, akamlalamikia mwenyeji wake kwa Kiluhya na mwenyeji wake akamjibu kwa Kigujarati, na kila mmoja, aliniambia yule mwalimu, alionekana kuelewa anachoshtakiwa. Jicho lilifunguliwa. Likakaa siku, likakaa juma, likakaa mwezi, safi. Nami bado sikuenda. Nilisema nina kazi ukumbini, nilisema nina mafua na nitamwambukiza.

Asubuhi ya yeye kurudi Butere, Kantaben alinijia jikoni mwenyewe, akaninyang'anya kisu, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano, akanipeleka nyumbani kwake. Kukhu Rasoa alikuwa amekaa verandani, vitu vyake vimefungwa kwenye leso, upande wake wa kushoto ukutani kama desturi yake. Nilisimama mbele yake. Nilitaka kurudi nyuma lakini Kantaben alikuwa ameushika mkono wangu. Kukhu alinitazama kwa jicho moja, kuanzia kichwani, taratibu, mabega, mikono, gauni lililokuwa limelegea kiunoni, mpaka miguuni, akarudi mpaka usoni. Pikapu ilikuwa inanguruma uani.

"Umekonda," alisema. Kisha akasogea kwenye benchi kunipa nafasi. "Nani amekuwa akikupikia?"